Mvua Inapofunga Shule: Mwongozo Kamili wa Masomo ya Mtandaoni kwa Familia za Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Mwaka 2024 muhula wa pili ulipaswa kuanza tarehe 29 Aprili. Mvua ya masika ilikuwa imejaza mito na kukata barabara, kwa hiyo Wizara ya Elimu ikasogeza tarehe hiyo hadi 6 Mei, kisha ikaahirisha tena, na hatimaye watoto wakarudi darasani tarehe 13 Mei. Katika wiki hizo mbili nyumba yetu, iliyo katika nyanda za Kano si mbali na Ahero, ilikuwa na watoto watatu wa shule, simu moja yenye intaneti, simu mbili ndogo zisizo na intaneti (mulika mwizi), na ujumbe kutoka shuleni uliotangaza kwamba somo la Hisabati lingefanyika mtandaoni, moja kwa moja, kila siku saa kumi jioni. Mkazi yeyote wa huku anajua kwamba mwezi wa Mei saa kumi jioni mawingu huwa yamekwisha kujikusanya upande wa milima ya Nandi. Nusu saa baadaye stima imeenda, mtandao umedhoofika, na mvua inayopiga mabati haimruhusu mtu kumsikia hata aliyeketi kando yake. Kati ya masomo tisa, binti yetu wa Gredi 6 alihudhuria mawili.

Mwongozo huu umetokana na wiki hizo mbili na misimu iliyofuata. Msingi wake ni mmoja: intaneti itumike kuchota na kupeleka, kama mtu anavyokwenda kisimani alfajiri na kurudi na mtungi wake, na kusoma kwenyewe kufanyike nyumbani, kwenye karatasi au kwenye faili iliyokwisha kupakuliwa. Familia inayotegemea darasa la moja kwa moja huwa imefunga masomo ya mtoto kwenye nguzo tatu, yaani stima, mtandao na hali ya hewa, na katika eneo letu nguzo hizo huanguka kwa pamoja.

Ijue kwanza mvua ya kwenu

Wazazi wengi huanza kwa kununua vifaa. Mimi nashauri uanze na kalenda. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, lakini magharibi mwa nchi, kutoka Bungoma na Kakamega hadi Kisii, mvua haikomi Juni. Huendelea Julai na Agosti. Ukiiweka misimu hiyo juu ya kalenda ya shule utaona kwamba masika huangukia mwisho wa muhula wa kwanza na mwanzo wa muhula wa pili, na vuli huanza wakati wa mitihani ya kitaifa, yaani KPSEA ya Gredi 6, KJSEA ya Gredi 9 na KCSE. Kwa hiyo familia yenye mtahiniwa inapaswa kuwa imekamilisha matayarisho yake kabla Septemba haijaisha, na familia nyingine zote kabla Februari haijaisha.

Baada ya kalenda, jifunze saa ya mvua. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Viktoria, upepo huvuma kutoka ziwani kuingia nyanda za Kano, kisha hewa hiyo yenye unyevu hukutana na miinuko ya Nandi na Kericho, hupanda, hupoa, na kuwa mawingu ya radi ambayo huturudia alasiri na jioni. Ndiyo sababu asubuhi zetu, hata katikati ya masika, mara nyingi huwa kavu. Zipo siku ambazo mvua hunyesha kuanzia alfajiri, lakini ratiba hupangwa kwa kufuata lililo la kawaida.

La tatu husahauliwa sana: mafuriko hayatokani na mvua inayonyesha juu ya paa lako pekee. Maji ya mto Nzoia huanzia milima ya Cherang'any na Mlima Elgon, kwa hiyo mkazi wa Budalang'i, mto huo unakoishia ziwani, anaweza kufikiwa na mafuriko jua likiwa linawaka. Mto Nyando nao huleta kwetu maji ya Nandi na Tinderet. Unaposikiliza utabiri, usiishie kwenye jina la kaunti yako. Sikiliza pia unasema nini kuhusu kaunti iliyo juu yako. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku, wa wiki, wa mwezi na wa msimu, na ina maofisa wake katika kaunti. Nakuru ina hatari ya namna yake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 ukingo wa bwawa ulibomoka Solai, na usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiliwa juu ya bonde yaliporomoka karibu na Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Anayeishi chini ya bwawa au kwenye mkondo wa korongo asianze na habari za masomo kabisa; aanze kwa kuhakikisha kwamba kila mtoto anaijua njia ya kukimbilia juu, hata gizani.

Ukishayajua hayo, bandika karatasi ukutani kwa siku 14. Iwe na safu nne: tarehe, saa mvua ilipoanza, saa stima ilipopotea na kurudi, na saa mtandao ulipokuwa na nguvu. Kazi ya kuijaza mpe mtoto wa Gredi 4 au zaidi, maana ataifanya kwa uaminifu kuliko wewe. Karatasi yetu ilituonyesha jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa miaka: mtandao wetu huwa bora kabisa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi, kabla kijiji hakijaamka. Ratiba yetu yote imejengwa juu ya saa hizo mbili.

Zungumza na mwalimu mapema

Mwalimu naye anaishi chini ya mvua hiyohiyo na hununua data kwa pesa zake mwenyewe, kwa hiyo usimwendee kwa malalamiko. Mwendee na maelezo na ombi moja linalowezekana. Mimi niliandika hivi:

"Hujambo, Mwalimu. Mimi ni mama ya mwanafunzi wako wa Gredi 6. Tunakushukuru kwa kazi unayowafanyia watoto wetu. Kwetu stima na mtandao hupotea alasiri siku za mvua, na hatuwezi kulifikia somo la saa kumi. Tunaomba, ikiwezekana, ututumie picha ya ubao au namba za kurasa za kitabu, pamoja na maelezo mafupi ya sauti. Kazi ya mtoto tutaituma kila siku kabla ya saa mbili asubuhi. Asante sana, Mwalimu."

Alijibu siku hiyohiyo, na ikabainika kwamba wazazi wengine kumi na mmoja walikuwa na tatizo hilo lakini hawakutaka kuonekana wasumbufu.

Kati ya yote yaliyotajwa katika ujumbe ule, namba za kurasa ndizo zenye thamani kubwa zaidi. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, na herufi hizo zinatosha kuandika "Hisabati uk. 84 zoezi 2 namba 1–10, Kiswahili uk. 61 fahamu, Sayansi uk. 47 chora na utaje sehemu". Ujumbe huo hufika kwenye mulika mwizi, hauhitaji data, na hungoja hewani hadi mtandao urudi. Ombeni darasa zima lipangiwe kurasa za wiki mbili mbele kila msimu wa mvua unapokaribia. Hapo hata mzazi asiye na simu ya intaneti huwa amepata somo sawa na mwenzake, na mwakilishi wa wazazi anaweza kuwafikishia ujumbe wale ambao hawamo kabisa katika kikundi cha WhatsApp. Tafadhali msiwasahau hao. Katika kila darasa wapo, na mara nyingi ni wale wanaoishi karibu zaidi na mto.

Stima, chaja na radi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopata hasara.

Jioni moja ya Mei niliiacha simu kwenye chaja huku ngurumo zikiwa bado mbali. Nilifikiri nina muda. Radi ilipiga mahali fulani kwenye nyaya za barabarani, taa ikawaka kwa weupe mkali kisha ikazimika, na kwenye soketi pakabaki doa jeusi na harufu ya plastiki iliyoungua. Simu haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na picha za kazi za siku nne ambazo hatukuwa tumezituma, na binti yangu, ambaye alikuwa ameziandika kwa mkono wake bora kabisa, aliketi akiishika ile simu kwa muda mrefu bila kusema neno.

Nyanda za juu za Nandi na Kericho, pamoja na Kakamega na Kisii, hupata radi nyingi sana, na familia za huku zinahitaji kanuni inayoeleweka hata na mtoto. Yetu ni hii. Ukiona umeme wa radi, anza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo ngurumo ikifika kabla hujamaliza kuhesabu thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi hivi na inaweza kupiga ulipo. Wakati huo watoto wote waingie ndani, na vifaa vyote viwe vimeshachomolewa ukutani: chaja, runinga, redio ya stima, rauta. Kuzima swichi hakutoshi, chomoa. Usikimbilie kuchomoa radi ikiwa juu ya nyumba, maana kugusa waya saa hiyo ni hatari. Chomoa mawingu yanapojikusanya. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudisha chochote. Simu isiyounganishwa na waya inaweza kutumiwa ndani ya nyumba bila wasiwasi, na ndiyo sababu ni lazima iwe imejaa kabla ya alasiri.

Kwa hiyo saa ya kuchaji ni asubuhi. Pawabenki nayo ichajiwe asubuhi. Unapoinunua, fahamu kwamba ile yenye mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) haitatoa zote hizo: takriban theluthi moja hupotea njiani, na kinachofika kwenye simu ni kama mAh 6,500, ambacho ni kuijaza mara moja simu yenye betri ya mAh 5,000 na kubakiza kidogo. Kwa familia yenye simu moja hiyo inatosha. Yenye mAh 20,000 inafaa pale stima inapoweza kupotea kwa siku mbili au tatu, kama ilivyo kwetu. Wenye rauta ya nyumbani wanaweza kupata betri ndogo za volti 12 zinazoiwasha kwa saa kadhaa, ingawa stima ikipotea eneo zima mnara nao unaweza kuzimika, na hapo rauta haitakusaidia.

Nunua tokeni za stima kabla hazijaisha. Mtandao ukipotea M-Pesa haifanyi kazi, na nyumba yenye pesa kwenye simu inaweza kulala gizani kwa kukosa njia ya kununua uniti kumi. Kenya Power hutangaza kila wiki maeneo yatakayokatiwa stima kwa ajili ya ukarabati, na ukipiga *977# unaweza kuripoti stima inapopotea. Kwa mwanga wa kusomea, taa ndogo ya sola ni bora mara nyingi kuliko koroboi, ambayo moshi wake huumiza macho na kifua. Lakini dada yangu aishiye Lanet, Nakuru, hunikumbusha kwamba mwezi wa Julai kwao huwa na baridi na mawingu, na paneli ndogo huhitaji siku nzima ili kupata chaji ya saa tatu.

Data: mahali inapopotelea

Darasa la video la kikundi linaweza kula zaidi ya MB 800 kwa saa moja. Video iliyorekodiwa, ikitazamwa kwa ubora wa 360p, hula kama MB 300 kwa saa. Maelezo ya sauti ya WhatsApp ya dakika kumi hayafiki MB 5, na picha ya ukurasa wa kitabu ni sehemu tu ya MB moja. Ukiyaweka hayo kwenye mizani utaona kwamba saa moja ya darasa la moja kwa moja ina gharama ya picha za kurasa zaidi ya elfu moja. Sisemi darasa la moja kwa moja halina faida. Mtoto kumwona mwalimu wake ni jambo kubwa, hasa baada ya siku nyingi za kufungiwa ndani. Somo moja kama hilo kwa wiki, asubuhi, litamtosha.

Katika mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe, kwa maana vikundi vya ukoo na vya chama humaliza data ya masomo usiku watu wakiwa wamelala. Zima pia usasishaji wa programu unaojiendesha. Video ya somo ipakue mara moja kwa ubora wa chini na watoto waitazame mara tatu bila mtandao, badala ya kuifungua upya kila mara. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, ina jukwaa lake la Kenya Education Cloud lenye vitabu na masomo, na shule zilipofungwa mwaka 2020 taasisi hiyo ilirusha masomo kwa redio na kwa runinga ya Edu Channel. Familia zenye redio ya betri ziwe zinaulizia ratiba ya vipindi vya masomo, kwa kuwa redio haili data hata kidogo.

Kabla ya msimu, pita kwenye saiba ukachapishe mazoezi ya wiki mbili. Mama watatu wakichanga, nakala moja ichapishwe na nyingine zitolewe fotokopi, gharama hupungua sana. Maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega ni mahali pengine pa kukumbuka siku za katikati ya mvua, wakati barabara inapitika.

Yapo pia matatizo ambayo mipangilio ya simu haiyamalizi. Kwa familia nyingi, simu yenye intaneti ni jembe la mzazi. Anayeuza nguo Kibuye au kuendesha bodaboda Kondele huondoka nayo saa kumi na mbili asubuhi na kurudi nayo usiku. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenu, tafuta simu ya zamani isiyo na laini, hata yenye kioo kilichopasuka. Haihitaji laini ili kuonyesha picha, kucheza sauti wala kufungua faili. Mzazi achote masomo alfajiri, ayahamishie kwenye simu hiyo kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu, kisha aende kazini. Simu isiyo na laini ina faida ya ziada, kwamba mtoto hawezi kupotelea mtandaoni wala kufikiwa na mtu asiyemjua. Akiwa na simu yenye laini, akae sebuleni wala si chumbani, na ajue kwamba ujumbe wowote unaomtia wasiwasi auonyeshe mara moja bila kuogopa kwamba atanyang'anywa simu.

Ratiba inayofuata mawingu

Saa kumi na moja alfajiri mmoja wetu huamka, hupakua yaliyotumwa usiku, na kutuma picha za kazi za jana. Ikifika saa moja intaneti huwa imemaliza kazi yake ya siku. Kuanzia saa mbili hadi saa sita watoto hushughulikia kila kinachohitaji masikio au kioo: maelezo ya sauti, video, kusoma kwa sauti, imla, matamshi ya Kiingereza. Kila mtoto hupewa simu kwa dakika 40, na anayesubiri hufanya zoezi la kuandika. Mtahiniwa hutangulia, lakini tumegundua kwamba ukimtanguliza kila siku, wa mwisho hupokea simu ikiwa na chaji ya asilimia tisa na moyo wake huvunjika. Jumanne na Alhamisi mdogo ndiye huanza.

Alasiri ni ya kazi za kimya. Mvua ikishaanza kupiga mabati usipoteze nguvu kumfundisha mtoto kwa kupaza sauti. Nilijaribu, na wote wawili tulikasirika. Mpe insha ya kuandika, ramani ya kuchora, kitabu cha hadithi, au marudio ya hesabu za wiki iliyopita. Kelele ya mvua haimsumbui anayeandika. Wakati mwingine humsaidia kuzama katika kazi yake.

Usiku, stima iwepo isiwepo, tunaketi dakika ishirini na kila mtoto hueleza kwa maneno yake jambo moja alilojifunza. Sehemu hii haihitaji kifaa chochote, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko saa nzima ya video. Mtoto anayeweza kumweleza nyanya yake kwa nini sehemu moja ya nne ni ndogo kuliko sehemu moja ya tatu, na nyanya akaelewa, amelielewa somo. Akikwama, andika mahali alipokwama. Utahitaji orodha hiyo baadaye.

Wadogo, na kopo la mvua

Mtoto wa chekechea hadi Gredi 3 hahitaji kioo kwa zaidi ya dakika chache, na mzazi asijilaumu kwa kutompa. Ahesabu maharagwe, asome majina kwenye pakiti za unga na sabuni, asimulie hadithi aliyoisikia kwa nyanya.

Kuna somo moja ambalo wote watatu hulifanya pamoja na ambalo mvua yenyewe hulileta. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo wake ukiwa sawa na kitako, uliweke mahali pa wazi mbali na paa na miti, na ulizungushie mawe lisianguke. Kila siku saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa wanayosoma vipimo vyao watu wa hali ya hewa, ingiza rula na usome kina cha maji kwa milimita, andika, kisha mwaga. Mdogo husoma rula, wa Gredi 6 huchora grafu, na mkubwa hupiga hesabu. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba. Kwa hiyo paa la mita 8 kwa 6, mvua ikiwa milimita 10, hupokea lita 480, yaani mitungi 24 ya lita ishirini. Asubuhi moja tulipata milimita 52. Kijana wetu alipomaliza hesabu alitoka nje, akalitazama paa, akarudi akatuuliza kwa nini hatuna tangi. Tulilinunua Agosti.

Ndoo ya shule

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, nyumba nyingi hazina kitu cha kuzuia maji kuingia kwenye vitabu. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, ile ya mafuta ya kupikia au ya rangi iliyooshwa vizuri, ndiyo dawa. Kila jioni ya msimu wa mvua vitabu vya watoto wote hulala ndani yake, juu ya kabati, si sakafuni. Humo pia huwa na kalamu, taa ya sola, pawabenki, nakala za vyeti vya kuzaliwa, namba za watahiniwa, na namba za simu za walimu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu ikifa huondoka na namba zote. Kila Ijumaa piga picha kurasa za daftari zilizoandikwa wiki hiyo na umtumie ndugu anayeishi mahali pakavu. Nakala zetu ziko Lanet.

Kitabu kikilowa, usilazimishe kurasa zifunguke, zitachanika. Kisimamishe wima kwanza maji yachuruzike, kisha weka karatasi za gazeti kila baada ya kurasa kumi na uzibadilishe zinapolowa. Kianike kivulini penye upepo, maana jua kali hukunja kurasa. Kikibaki na unyevu kidogo, kigandamize chini ya kitu kizito hadi kikauke. Ifanye kazi hii siku hiyohiyo. Baada ya siku mbili ukungu huanza.

Mkilazimika kuhama

Msimruhusu mtoto, hata mmoja, kuvuka maji yanayokwenda kasi ili awahi somo, mtihani au mtandao. Maji ya kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na mtoto ni mwepesi zaidi; isitoshe, maji ya rangi ya udongo huficha mashimo na mitaro. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199 bila malipo.

Siku za kwanza kambini au kwa jamaa, masomo yangoje. Mtoto aliyeuona mto ukiingia chumbani mwake anahitaji kulala, kula, kunywa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na kulala chini ya neti. Siku ya tatu au ya nne kusanyeni watoto kwa saa moja asubuhi, wakubwa wakiwasomea wadogo kutoka kwa kitabu chochote kilichookolewa. Shemeji yangu wa Budalang'i alifanya hivyo chini ya mwembe akiwa na vitabu vinne kwa watoto kumi na saba, na anasema kwamba baada ya siku mbili watoto ndio waliokuwa wakimwita. Ukiona mtoto haongei, anaogopa kila wingu au anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, usimgombeze. Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, nayo haina malipo.

Kukaa kwenu huko kukizidi wiki mbili, nenda na cheti cha kuzaliwa na namba ya mwanafunzi kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, umwombe mtoto aketi darasani kwa muda. Mjulishe pia mwalimu wake wa nyumbani, asije akafutwa kwenye orodha.

Siku ya kurudi darasani

Usimrudishe mtoto shuleni mikono mitupu. Usiku wa kuamkia siku hiyo chukua karatasi moja, uigawe safu tatu: tulichotumiwa, tulichomaliza, na tulichokwama. Safu ya tatu itatoka kwenye ile orodha ya usiku. Mtoto aiandike mwenyewe, mzazi atie sahihi, na ampe mwalimu mkononi asubuhi pamoja na daftari. Binti yangu aliandika kwenye safu ya tatu: "Kugawanya desimali. Nilielewa kwa mama lakini sikuelewa peke yangu." Mwalimu aliisoma karatasi ile, akaikunja, akaitia kwenye kitabu chake cha maandalizi, na Jumatano ya wiki hiyo akaanza somo kwa kugawanya desimali.